Daktari Mkubwa Akishavua Glavu



Kila upasuaji una sehemu ya mwisho ambayo sisi tulio nje ya mlango hatuioni. Kazi kubwa imekwisha. Mtoto ametoka, amelia, amefunikwa. Mfuko wa uzazi umeshonwa, damu imetulia, kimebaki kidonda cha juu. Hapo ndipo daktari mkubwa husema, "Haya, funga ngozi," akarudi nyuma hatua moja, akavua glavu, akazitupa kwenye ndoo na kutoka. Simlaumu. Nje kuna kliniki imejaa, kuna mgonjwa aliyevunjika paja anayesubiri tangu asubuhi, na simu imeita mara tatu bila kupokelewa. Anayebaki na sindano mkononi ni daktari mwanagenzi. Anafunga ngozi, tena vizuri, maana ngozi ameishona mara nyingi. Anaandika maelezo ya upasuaji kwenye faili, anajaza kitabu chake cha kumbukumbu, anaenda kutafuta chai. Hakuna aliyemwambia kama kazi aliyoifanya nusu saa iliyopita, ndani kabisa kule ambako hakuna mgonjwa wala jamaa atakayepaona, ilikuwa nzuri au mbaya.

Ninataka tulizungumze jambo hilo, kwa sababu linatuhusu sisi tunaolazwa kwenye meza ile kuliko linavyowahusu madaktari.

Tuanze na nani anajifunza wapi. Mabingwa wa upasuaji wa Kenya husomea Chuo Kikuu cha Nairobi, au Moi kule Eldoret, au katika hospitali za misheni kama Kijabe na Tenwek zinazofundisha chini ya COSECSA, chuo cha madaktari wa upasuaji wa Afrika Mashariki, Kati na Kusini, chenye makao yake Arusha. Lakini kabla ya ubingwa, kila daktari Mkenya anayetoka chuoni hutumikia mwaka mmoja wa uanagenzi. Hospitali za rufaa za kaunti, Kitui na Makueni zikiwemo, hupokea vijana hawa na kuwazungusha idara kwa idara: watoto, magonjwa ya ndani, upasuaji, uzazi. Pamoja nao wako maafisa wa kliniki waliotoka vyuo vya mafunzo ya utabibu vya KMTC, ambao kule kijijini mtu huwaita daktari tu na yamekwisha. Ni katika miezi michache ya idara ya uzazi na idara ya upasuaji ambapo mkono wa kijana huyu hushika kisu kwa mara ya kwanza juu ya mtu aliye hai.

Na baada ya mwaka huo? Kijana huyo, akipata ajira, anaweza kupelekwa hospitali ndogo ambako daktari bingwa yuko kwenye simu tu. Kitui ina zaidi ya kilomita za mraba 30,000 na watu 1,136,187 kwa hesabu ya sensa ya 2019. Makueni ni ndogo kwa eneo, lakini ilikuwa na watu 987,653 katika sensa hiyo hiyo. Anayejua Tseikuru, Kyuso, Ikutha au Mutha, pembezoni mwa Kitui, anajua ninachosema. Lami ya kutoka Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui na kuendelea Migwani, kilomita 192, imefupisha safari na kuokoa wengi, lakini lami haifiki kila mlango wa hospitali, na mama anayetokwa damu saa nane za usiku hasubiri gari la wagonjwa liende na kurudi. Atafanyiwa kazi na aliyepo. Aliyepo ni yule aliyeachiwa ngozi mwaka jana.

Upasuaji wenyewe nao umeongezeka. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulikuta karibu asilimia 9 ya watoto wa Kenya walizaliwa kwa upasuaji. Ule wa 2022 ukakuta asilimia 17. Katika miaka hiyo hiyo kaunti zetu zilifungua milango: Makueni ilianzisha MakueniCare mwaka 2016, familia ikilipa Sh500 kwa mwaka na kutibiwa katika hospitali za kaunti. Watu wakaja. Ni jambo jema, na mimi ni mmoja wa wanaolisifu kila nikipata nafasi. Ila tulipohesabu vitanda, mashine na majengo mapya, hatukuuliza mikono iliyoongezwa kazi inaangaliwa na nani.

Jibu la kiofisi lipo, nalo ni kile kitabu cha kumbukumbu. Mwanagenzi huandika: tarehe, namba ya mgonjwa, aina ya upasuaji, alisaidia au alifanya mwenyewe. Msimamizi hutia sahihi. Mwaka ukiisha, kitabu huonyesha idadi, na baraza la madaktari likiridhika, kijana hupewa leseni kamili. COSECSA nao wana kitabu cha kielektroniki kwa mabingwa wanaosomea, na ni hatua kubwa, maana zamani karatasi zilikuwa zikiliwa na mchwa. Lakini idadi ni idadi. Mtu anaweza kushona vibaya mara thelathini na kitabu kikajaa vizuri kabisa. Na sahihi, jamani, tunajua sahihi zinavyotiwa Kenya hii: kurasa kumi kwa mpigo, siku ya mwisho, kwenye korido, kalamu ikiazimwa.

Sasa niingie ndani kidogo, kwa sababu jambo hili likizungumzwa kwa juu juu kila mtu hukubali na hakuna anayebadilika.

Chukua mkato wa mfuko wa uzazi. Una kona mbili, kulia na kushoto. Mshono wa kwanza hutakiwa kuanza nje kidogo ya kona, mahali ambapo nyama bado ni nzima, ili mshipa wa damu uliokatwa pale mwishoni ubanwe. Mwanagenzi akianza mshono ndani ya kona, kwa macho kila kitu kitaonekana kimefungwa. Uzi umekaza, mstari umenyooka, damu haionekani. Lakini nyuma ya kona ile mshipa unaweza kuendelea kuvuja polepole na damu ikajikusanya pembeni ya mfuko. Mama atarudishwa wodini, atatabasamu na mtoto, na baada ya saa chache mapigo ya moyo yataanza kwenda mbio.

Daktari mkubwa aliyekuwa amesimama upande wa pili wa meza ameiona kona ile. Mara nyingi, kwa sababu mgonjwa ni wake pia, atachukua sindano, aongeze mshono mmoja, arudishe sindano. Ametibu. Lakini mwanagenzi ameona nini? Ameona bosi ameongeza mshono. Huenda akadhani ni mazoea yake tu, kama vile watu wengine hufunga vifundo vinne pale ambapo wenzao hufunga vitatu. Ili ajue, lazima aambiwe: "Kona ya kushoto ulianzia ndani. Wakati ujao ishike kwanza na koleo, ivute uione, kisha anza nje yake." Sekunde kumi. Maneno hayo yana mahali, yana kosa na yana cha kufanya kesho.

Linganisha na yale tuliyoyazoea. "Umefanya vizuri." Vizuri nini? "Jitahidi." Ajitahidi vipi, akaze macho? "Uko mwepesi wa mkono." Asante, lakini mwepesi kwenye kona au kwenye ngozi? Na lipo la nne, lile la kufoka: sindano inapokonywa, "Wewe ulifundishwa wapi?" Hilo nalo lina ujumbe, ila ujumbe wake ni kwamba usionekane ukikosea. Anayelipokea mara kwa mara hujifunza kuficha, na mtu anayejua kuficha akiwa peke yake Tseikuru ni hatari kuliko asiyejua kushona.

Wazo la kwamba mkono wa daktari unaweza kupimwa, tena kwa haki, si geni. Kwa muda mrefu hospitali za dunia ziliishi kwa kanuni ya tazama mara moja, fanya mara moja, fundisha mara moja. Mwaka 1997 watu wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, akiwemo daktari wa upasuaji Richard Reznick, walichapisha kipimo chenye vipengele saba. Anaishughulikiaje nyama ya mwili, kwa upole au anaivutavuta? Mikono yake inakwenda moja kwa moja au inatangatanga? Anavijua vifaa na kuvishika sawasawa? Anamtumiaje msaidizi wake? Anajua hatua inayofuata kabla haijafika, au kila hatua anasimama kuwaza? Kila kipengele alama moja hadi tano. Walionyesha kwamba watu wawili wakimtazama mwanafunzi mmoja wanaweza kukubaliana kiasi cha kutosha kuhusu mkono wake. Kabla ya hapo hoja ilikuwa kwamba upasuaji ni kipaji na kipaji hakipimiki.

Kisha mwaka 2013 jimbo la Michigan huko Marekani lilitoa habari iliyowanyima wengi usingizi. Madaktari 20 wanaofanya upasuaji wa kupunguza unene walikubali kila mmoja kutoa video moja ya kazi yake. Wenzao waliitazama bila kujua ni ya nani, wakaipa alama. Halafu alama zikawekwa kando ya matokeo ya wagonjwa. Kundi la robo ya chini kwa ustadi wa mkono lilikuwa na wagonjwa wenye matatizo baada ya upasuaji asilimia 14.5. Robo ya juu, asilimia 5.2. Na hawa hawakuwa wanagenzi. Walikuwa mabingwa waliokamilika, wenye vyeti ukutani. Mimi husoma takwimu hizo nikiwaza kwamba video moja tu, ya siku moja, ilitosha wenzao kuona.

Huku kwetu tunayo ripoti ambayo inapaswa kusomwa kwa sauti katika kila bunge la kaunti. Ripoti ya kwanza ya kitaifa ya uchunguzi wa siri wa vifo vya kina mama ilipitia vifo 484 vilivyotokea mwaka 2014. Iliitwa ya siri kwa sababu majina ya mama, ya daktari na ya hospitali yaliondolewa, ili watu waseme ukweli. Ilikuta kwamba katika vifo vya zaidi ya akina mama tisa kati ya kila kumi, huduma waliyopewa ilikuwa na kasoro, na kwamba ingefanywa tofauti huenda matokeo yangekuwa mengine. Sisemi kasoro hizo zote zilikuwa za kisu. Damu ya kuongezewa ilikosekana, gari lilichelewa, dalili hazikutambuliwa. Ninachosema ni kwamba tuna ujuzi wa kukaa na kuchambua kifo bila kutafuta wa kufungwa. Tunautumia mama akishafariki. Kwa nini tusiutumie Jumanne ya kawaida, mama yuko wodini anakunywa uji?

Kuna watakaosema haya ni mambo ya nchi zenye fedha. Basi nitaje la Afrika yenyewe. Mwaka 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa uitwao E-MOTIVE, uliofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, kwa akina mama zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Katika hospitali za kundi la majaribio, walitandikiwa karatasi maalumu yenye mistari ya vipimo ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho, na matibabu yakapangwa yatolewe yote kwa pamoja mara moja. Kuvuja damu kupita kiasi na madhara yake makubwa yalipungua kwa asilimia 60. Watu wengi waliishika ile karatasi, maana ni kitu cha kupigiwa picha. Sehemu ambayo haikupigiwa picha ni kwamba kila hospitali ya kundi hilo ilirudishiwa takwimu zake yenyewe mara kwa mara: mwezi huu mliwatambua wangapi, mliwatibu kwa mpango wangapi. Wakunga walijua wanaendeleaje wakati bado wanaweza kubadilika. Hakuna dawa mpya iliyobuniwa hapo.

Narudi Ukambani, huku Kitui na Makueni, na kwa mtu ambaye sijamtaja mpaka sasa, ingawa yeye ndiye ameona upasuaji mwingi kuliko wote. Muuguzi wa chumba cha upasuaji. Mabingwa huhamishwa, wanagenzi hubadilika kila mwaka, yeye yupo tu. Anasimama karibu na sinia la vifaa, anajua kila daktari hupenda uzi gani, na anajua mkono mzuri akiuona. Muuguzi wa aina hii ana lugha yake ya adabu. Akiona damu imezidi hatasema "unamwaga damu." Atauliza, "Daktari, tufungue pamba zingine?" Akiona kijana ameshika sindano karibu mno na ncha, atainyoosha koleo nyingine ikiwa tayari imeshika sindano pale panapostahili, nyuma ya katikati ya upinde wake, na atasema, "Jaribu hii, daktari." Mwanagenzi mwerevu huelewa. Asiye mwerevu hudhani sista anamharakisha.

Kwa desturi zetu, mama wa miaka hamsini na tano anaweza kumkanya kijana wa ishirini na sita popote pale, kanisani, sokoni, hata kwenye harusi ya kijana mwenyewe. Ila kijana huyo akivaa koti jeupe, umri unapinduka. Yeye ndiye "daktari" na mama ni "sista," na mama humung'unya maneno. Ninajua wako wanaosema muuguzi hawezi kumpima daktari kwa kuwa hakusomea kupasua. Sikubaliani nao. Hawezi kumpa leseni, sawa. Lakini kusema "leo ulitupa uzi mwingi, na msaidizi wako ulimwacha amesimama bure" hakuhitaji shahada. Mama anayemfundisha bintiye kusuka kiondo cha mkonge hufumua safu iliyopotoka pale pale, kabla safu ya pili haijapanda juu yake, na binti hanuni. Hiyo tu ndiyo ninayoomba, na iruhusiwe rasmi na daktari mkubwa mwenyewe, kwa mdomo wake, asubuhi kabla ya kazi kuanza: "Sista, leo ukiona kitu kwa daktari huyu, utamwambia mwishoni. Na kwangu pia."

Mwishoni lini, basi? Hapa pana jambo ambalo wanaoandika miongozo mbali na meza husahau. Wanasema mrejesho utolewe papo hapo. Papo hapo wapi? Akina mama wengi siku hizi hupasuliwa kwa ganzi ya uti wa mgongo. Mama yuko macho. Pazia limemkinga asione, lakini masikio yake yapo, na huwa makali kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yake. Ukimwambia kijana "kona hii umekosea," mama atayasikia maneno hayo hadi uzeeni. Na msidhani Kiingereza kitawaficha. Mama aliye mezani huenda ni mwalimu wa Kiingereza wa sekondari hapo hapo Kitui.

Kwa hiyo mezani yasemwe yale tu ya kuokoa: "anza nje zaidi," "vuta polepole," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeomba apitishiwe chumvi. Mengine yangoje. Lakini yangoje dakika tu, yasingoje mwisho wa mwezi. Mimi ningeyaweka wakati wa kuandika maelezo ya upasuaji. Kila upasuaji lazima uandikwe, kwa sheria na kwa mazoea. Kuna kimeza, kuna faili, kuna kalamu. Mwanagenzi anaandika hatua moja baada ya nyingine, yaani anausimulia upasuaji upya akilini. Daktari mkubwa akisimama pale dakika mbili na kuuliza, "Wewe mwenyewe ungebadilisha nini?" kijana atajibu, na mara nyingi atalitaja kosa lenyewe kabla hajaambiwa. Halafu daktari aongeze moja lililokuwa zuri na moja la kurekebisha. Moja tu. Ukimpa saba hatakumbuka hata moja, amechoka, tangu jana usiku yuko kazini.

Kwa upande wa kuandika, Wamarekani wana kipimo kilichoanzishwa na daktari Joseph Zwischenberger ambacho nakipenda kwa ufupi wake. Kina ngazi nne. Ya kwanza, mkubwa ndiye aliyefanya, akamwonyesha mwanafunzi. Ya pili, mwanafunzi alifanya akiongozwa hatua kwa hatua. Ya tatu, alifanya mwenyewe, mkubwa akisaidia kama msaidizi hodari. Ya nne, alifanya, mkubwa akatazama tu. Kule wamekiweka kwenye simu: upasuaji ukiisha, mwalimu na mwanafunzi kila mmoja hubonyeza ngazi yake, mwalimu akitaka anarekodi maneno mafupi kwa sauti, na siku tatu zikipita bila kujaza, nafasi hufungwa. Hiyo ya kufungwa ndiyo akili yenyewe. Inazuia zile sahihi za kurasa kumi kwenye korido.

Tunahitaji programu ya kununuliwa? Hatuhitaji. Safu moja ya ziada kwenye kitabu kilekile, namba moja hadi nne na mstari wa maneno, ijazwe siku hiyo hiyo. Wengine watapendelea ujumbe wa sauti wa WhatsApp, na hapo natia onyo moja: jina la mgonjwa lisitajwe, na picha au video ya tumbo la mtu isipigwe bila idhini yake. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na tumbo la mama wa Kyuso linalindwa sawa na akaunti ya benki ya waziri.

Najua pingamizi kubwa. Madaktari ni wachache, wamechoka, na wengine wamevunjika moyo. Wanagenzi wenyewe hawajasahau 2024, mgomo wa siku 56, Machi hadi Mei, wakibishana na serikali iliyotaka kuwalipa Sh70,000 kwa mwezi badala ya Sh206,000 za makubaliano ya 2017. Kumwambia mtu uliyemnyima mshahara kwamba utaanza kupima mkono wake pia kunaweza kusikika kama dhihaka. Nakubali. Ndiyo maana nasisitiza upimaji huu usifungamanishwe na adhabu wala cheo. Siku namba ile ya moja hadi nne itakapopelekwa kwa afisa wa wafanyakazi, kila mtu katika kaunti nzima atakuwa nne, na tutakuwa tumerudi pale pale.

Lakini uchovu siukubali kama sababu. Daktari mkubwa anayeamshwa saa tisa usiku kuja kufungua tena tumbo lililofungwa vibaya hutumia saa mbili, chupa za damu na nusu ya nguvu zake za kesho. Dakika mbili za kimeza zile ni nafuu.

Wengine mtaniuliza, "Sasa wewe unatuambia kwamba tunapasuliwa na wanafunzi?" Ndiyo, wakati mwingine. Ilikuwa hivyo jana na itakuwa hivyo kesho, Kitui, Nairobi na London. Hakuna daktari wa upasuaji aliyezaliwa akijua. Robert Felkin, Mwingereza aliyepita Bunyoro, Uganda ya leo, mwaka 1879, aliandika jinsi alivyomwona mganga wa huko akimzalisha mama kwa kisu, amenawa kwa pombe ya ndizi, msaidizi mmoja akishika miguu na mwingine akilituliza tumbo, jeraha likafungwa kwa misumari myembamba ya chuma na kamba. Felkin aliondoka baada ya siku 11 mama na mtoto wakiwa hai. Kazi iliyopangwa hivyo haikubuniwa asubuhi ile. Huenda wale wasaidizi wawili walikuwa wakijifunza, na kulikuwa na mtu wa kuwaambia.

Kwa hiyo swali lenye manufaa kwa mgonjwa, au kwa mume aliyesimama nje ya wodi na mkoba wa nguo za mtoto, ni hili: "Daktari, nani atakuwa naye?" Ulizeni kwa adabu, bila kelele. Mna haki ya kujibiwa.

Na mabingwa wenyewe? Nimewaacha mwisho kwa makusudi, maana wao ndio wagumu. Atul Gawande, daktari wa upasuaji wa Boston anayejulikana pia kwa vitabu vyake, alieleza mwaka 2011 jinsi alivyomwalika mwalimu wake wa zamani aliyestaafu, Robert Osteen, aje asimame pembeni amtazame akipasua. Gawande alikuwa na uzoefu wa miaka minane. Osteen aliandika ukurasa mzima wa mambo madogo madogo: kiwiko kinachopanda juu, taa iliyohama kutoka kwenye kidonda bila yeye kugundua, kitambaa kilichotandikwa kwa namna iliyomfaa yeye na kumbana msaidizi wake. Hakuna hata moja lililokuwa kosa la kumshtaki mtu. Bingwa mmoja wa Kitui na mwenzake wa Makueni wanaweza kufanya jambo hilo hilo mara moja kila baada ya miezi mitatu, mmoja akavuka kwenda kumtazama mwingine siku moja nzima, na barabara ya kupitia Kibwezi ipo. Wanagenzi wakiona daktari mkubwa anaambiwa kiwiko chako kimepanda, na anajibu "ahsante, sikukiona," nadhani hawatahitaji semina ya mrejesho kutoka Nairobi.